Begi Huchaguliwa kwa Safari ya Kurudi

Mwaka jana nililipwa kuandika mwongozo wa kununua begi la kuwindia. Mteja alikuwa Marekani, mimi nilikuwa Dandora Phase 4, na wasomaji walikuwa wanaume wa milimani wanaotaka kujua ni begi gani litabeba nyama ya mnyama mzima bila kuwavunja mgongo. Kazi za mtandaoni ndizo zinazonilisha tangu niache chuo nikiwa mwaka wa pili, karo iliponishinda, na nimezoea kuandika juu ya vitu ambavyo sitawahi kuvitumia. Nimeandika kuhusu mashine za kuondoa theluji. Kuhusu vyakula vya paka. Begi la kuwindia lilipaswa kuwa kazi nyingine tu ya usiku mmoja, tena katika nchi iliyopiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, kabla hata mimi sijazaliwa.

Lakini kuna swali ndani ya hiyo kazi ambalo sijaweza kuliacha. Nani anapaswa kubeba?

Hebu nianze na ufundi wenyewe, kwa sababu swali limejificha humo. Kanuni ya kwanza ya wawindaji ni kwamba begi huchaguliwa kwa safari ya kurudi. Unapoenda una maji, kisu, nguo ya baridi na chakula kidogo. Begi lolote litafanya. Unaporudi una nyama. Mnyama wanayemwinda sana kule kwenye milima ya magharibi, elki, ni kulungu mkubwa kuliko ng'ombe wengi wa hapa kwetu, na hata ukitoa mifupa yote nyama yake inaweza kupita kilo 80. Hiyo haibebwi mara moja. Mtu anagawa, anatembea, anarudi, anatembea tena.

Kanuni ya pili: pima mgongo, usipime urefu. Unaanzia ule mfupa unaojitokeza chini ya shingo hadi usawa wa mifupa ya nyonga. Watu wawili wenye urefu sawa wanaweza kuwa na migongo tofauti kabisa, na begi lisilolingana na mgongo wako litakuadhibu kila hatua. Kanuni ya tatu: fremu iwe ngumu, mzigo ukae karibu na mwili, na mkanda wa kiunoni uketi juu ya nyonga. Begi zuri halibebwi na mabega. Mabega huzuia tu lisianguke nyuma. Uzito mwingi hushuka kiunoni na kwenda miguuni.

Hapo ndipo nilipokwama. Mkanda wa kiunoni huhamisha uzito. Haupunguzi. Kilo 40 ni kilo 40, iwe ziko begani au nyongani. Bega linapumua, lakini goti na kifundo cha mguu vinalipa deni lote kama kawaida. Kuhamisha si kupunguza. Nikaona kwamba sentensi hiyo inaeleza mambo mengi kuliko begi.

Sina mapenzi na uwindaji wa burudani, lakini kuna jambo moja katika maadili ya wale watu ambalo naliheshimu. Mwindaji mwenye adabu haulizi tu kama anaweza kumpiga mnyama. Anauliza kama anaweza kumtoa pale alipo. Ukimwona elki chini ya bonde refu na jua linatua, unaacha risasi, kwa sababu mgongo wako hautafika. Kule Alaska jambo hili limeingia hata kwenye sheria: kubeba pembe na kuiacha nyama inayolika ioze porini ni kosa. Yaani uzito umepewa kazi ya kimaadili. Anayeua ndiye anayebeba, na kwa sababu atabeba, anafikiri kabla ya kuua.

Sasa tazama jinsi sisi tulivyoingizwa kwenye uwindaji wa kisasa. Mwaka wa 1909, Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu kuwa rais wa Marekani, alishuka Mombasa kuja kuwinda. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama zaidi ya 500, na msafara wao ulikuwa na wapagazi zaidi ya 200. Mzigo wa kawaida wa mpagazi wa misafara ya siku hizo ulikuwa ratili 60, yaani kilo 27 hivi. Chumvi ya kuhifadhia ngozi, hema, vitabu, ngozi zenyewe, vyote vilikaa juu ya vichwa na mabega ya watu. Neno letu safari, ambalo sasa dunia nzima inalitumia, liliingia vinywani mwao likiwa limebebwa na hao.

Sitaki kuhukumu watu wa 1909 kwa kipimo cha leo. Ninachotaka kuonyesha ni kilichotokea kwenye mantiki. Wakati anayepiga risasi habebi, hakuna goti linalomwambia "imetosha". Idadi ya wanyama inaacha kuamuliwa na mgongo wa mwindaji, inaanza kuamuliwa na idadi ya migongo anayoweza kulipia. Miaka mitano baadaye mantiki hiyohiyo iliingia vitani. Waafrika wengi sana walikusanywa, wengi wao kwa nguvu, kubebea majeshi ya Uingereza chakula na risasi katika vita vya 1914 hadi 1918, na maelfu kwa maelfu hawakurudi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Sisi tukalimeza jina tukalitamka Kariokor, na Dar es Salaam wakalitamka Kariakoo. Leo ukienda soko la Kariokor utauziwa kiondo kizuri cha mkonge chenye mkanda wa ngozi. Chombo cha kubebea mizigo, kwenye soko lenye jina la wabebaji. Wengi tunapita pale na mathree bila kulifikiria hilo jina.

Nirudi Dandora. Jaa letu lilifunguliwa miaka ya sabini, lina ekari 30 hivi, na lilitangazwa kuwa limejaa tangu 2001. Bado malori yanaingia. Kila kitu ambacho Nairobi imekula, imevaa na imevunja kinafika hapa, na hapa ndipo mtu anapoinama, akachagua, akatia kwenye gunia, akabeba hadi kwa mnunuzi mwenye mzani.

Jirani yangu ni mmoja wao. Ni mzee wa miaka hamsini na kitu, anakusanya plastiki ngumu na chuma. Siku moja alitoka Gikomba na begi la mitumba, kubwa, la rangi ya majani makavu, lenye fremu ya alumini. Akaniita.

"Msomi, hebu kuja uangalie hii kitu."

Ananiita msomi ijapokuwa anajua sikumaliza. Niliangalia. Lilikuwa begi la kuwindia, la aina ileile niliyoandikia.

"Mzee, hii ni ya wawindaji. Ya kubeba nyama."

"Nyama ya kilo ngapi?"

"Hata arobaini, hamsini, mtu akiwa na nguvu."

Akanyamaza kidogo, akavuta mkanda wa kiunoni. "Sasa niambie ukweli. Hii itanipunguzia kazi ama itaniongezea?"

Nadhani hilo ndilo swali bora kuliko yote ambayo nimewahi kuulizwa kuhusu chombo chochote. Chuoni tulisoma falsafa ya teknolojia muhula mzima na hakuna aliyeliuliza vizuri hivyo.

Jibu la haraka ni kwamba litampunguzia. Gunia halina mkanda wala fremu. Linakaa juu ya bega moja, linapinda uti wa mgongo, linahitaji mkono mmoja ulishike. Begi lile lingemrudishia mikono yake miwili. Lakini yeye analipwa kwa kilo. Akigundua kwamba kilo 40 sasa zinahisi kama 30, je, atabeba 30 apumzike, au atabeba 50? Karo ya shule iko palepale. Kodi iko palepale. Mzigo hukua kufuata begi.

Tumeliona hilo sokoni. Lumbesa ni nini kama si begi lililoruhusiwa kukua? Viazi vilikuwa vinauzwa kwa gunia, si kwa kilo, basi mnunuzi akashonea gunia kofia juu, likavimba, mkulima akapoteza bei na mbebaji wa Marikiti akapoteza mgongo. Mwaka wa 2019 kanuni za zao la viazi ziliweka kikomo: kilo 50, basi. Ukilipa kwa gunia, mwenye nguvu atalijaza gunia mgongoni mwa mwingine. Ukilipa kwa kilo, maskini atalijaza mwenyewe. Njia ya pili inaonekana kama uhuru, lakini mgongo ni uleule.

Kuna mtu ataniambia: mbona unamsikitikia, watu wetu wamezoea kubeba. Mwaka wa 1986 mwanasayansi Mkenya, Geoffrey Maloiy, na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti juu ya wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Waligundua kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 hivi ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya kutembea mikono mitupu. Mama wa kilo 60, kilo 12, bure kabisa. Ni jambo la ajabu, nami najivunia. Nyanya yangu alikuwa na alama ya mkanda kwenye paji lake hadi anazikwa.

Lakini ile alama pia ni ushahidi. Kilo 12 ni bure. Kuni za nyanya hazikuwa kilo 12. Sifa ya ustadi hugeuka haraka kuwa kisingizio: kwa kuwa wanajua kubeba, wacha wabebe. Wahenga walishatuonya juu ya hilo waliposema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiutazama kwa mbali, mgongoni mwa mtu mwingine, kila mzigo ni usufi tu.

Basi nilimwambiaje mzee? Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa la kisomi: kwamba begi zuri litaficha ubaya wa mfumo, kwamba maumivu ni sauti na tusiizime. Nililikataa palepale. Ni rahisi sana kutetea maumivu ambayo si yako. Mtu hawezi kunyimwa fremu ya alumini ili bega lake liendelee kuwa hoja katika insha yangu. Nikampima mgongo kwa utepe wa fundi wa nguo wa jirani, nikashusha fremu tundu moja, nikamfunga mkanda juu ya nyonga. Nikamwambia: "Mzee, mabega yatakudanganya kuanzia leo. Uliza magoti. Amua kilo zako asubuhi kabla hujaingia, usiamue ukiwa mbele ya mzani." Akasema ataona. Hakuniahidi kitu, na sikuwa na haki ya kudai ahadi.

Hiyo ndiyo sehemu yake, na ni ndogo. Sehemu kubwa si yake. Wahadza wa Ziwa Eyasi, Tanzania, mmoja wao akiangusha mnyama mkubwa sana, mara nyingine hawahangaiki kubeba nyama hadi kambini. Kambi nzima inahamia penye nyama. Hilo ni jibu la tatu mbali na fremu na wapagazi: waliofaidika wausogelee mzigo.

Jiji halitahamia Dandora, najua. Lakini kuna namna za kuusogelea. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe zinakotoka, na inamtaka anayetengeneza bidhaa awajibike hata baada ya kuuza. Kwa lugha ya wawindaji, kabla ya kufyatua, fikiria nani atatoa mzoga. Kampuni inayojaza soda kwenye chupa milioni haijawahi kuhisi uzito wa chupa moja iliyorudi. Ingeuhisi, kwenye hesabu zake kama si mgongoni, ingefikiria upya kabla ya kufyatua.

Na wewe unayesoma hii ukiwa Kilimani, au Buruburu, au hapa hapa Phase 2, una mfuko wa taka jikoni. Ndani yake maganda mabichi na mabaki ya ugali yamechanganyika na chupa. Unyevu ule hauna bei kwa mnunuzi yeyote wa jaa. Unachafua plastiki, unaongeza uzito, na mtu ataubeba bure au ataukwangua kwa mkono apate kilichomo. Tenganisha. Mwaga maji kwenye chupa, uifinye, uiweke kavu pembeni. Itakuchukua dakika mbili, na huku chini kuna mtu atakayebeba kidogo.