Walimwamsha kwa Lawama

Ziwa la Galilaya liko zaidi ya mita 200 chini ya usawa wa bahari. Limezungukwa na vilima, na upepo ukiteremka kutoka huko juu hulichafua ghafla. Petro, Andrea, Yakobo na Yohana walikuwa wavuvi wa ziwa hilo hilo, kwa hiyo dhoruba ilipowapata wakivuka na Yesu, hofu yao ilikuwa ya watu wanaoyajua maji. Chombo kilikuwa kinajaa maji kweli. Na Yesu, anasimulia Marko, alikuwa amelala kwenye shetri, kichwa juu ya mto.

Walimwamsha wakimlaumu kwamba hajali wakiangamia. Sala ile haikuwa na adabu, nami naipenda kwa sababu hiyo. Tazama Marko anavyopanga habari: Yesu aliukemea upepo kwanza, ndipo akawauliza kuhusu imani yao. Hakungoja waamini vizuri ndipo awaokoe.

Wewe unayesubiri majibu ya hospitali leo, au uliyekesha ukiwaza ada ya mtoto, usihangaike kutafuta maneno mazuri. Mwambie Yesu unachokiogopa, ukitaje kwa jina lake, hata kama umesimama ndani ya daladala.