Kwenu Kuna Nini?

Wapo watu wasafirio ili waone, na wapo wasafirio ili wajulikane kuwa wamesafiri. Kati ya makundi haya mawili limo la tatu, dogo kuliko yote mawili, la watu waendao kutazama nchi ya wengine wakarudi na swali juu ya nchi yao. Kijana mmoja wa Nyasubi, mjini Kahama, aliingia katika kundi hili la tatu bila kukusudia. Alikuwa mwanafunzi wa historia, na kwa likizo mbili alidunduliza fedha ya kuuza mchele ili apate nauli ya kwenda Gede, mji wa kale wa kuta mbili uliomo msituni karibu na Watamu, katika pwani ya Kenya.

Safari yake ndefu haina haja ya kusimuliwa. Mabasi ni mabasi, na vumbi la njiani halina kabila. Lililo na maana ni kwamba asubuhi moja alijikuta mbele ya lango la mji ambao watu wake waliuhama tangu mwanzo wa karne ya 17. Mti umekumbatia ukuta, na mizizi imeteremka juu ya mawe ya matumbawe kama vidole vya mzee juu ya mkongojo. Msikiti mkubwa hauna paa, lakini kisima chake kingali na kina cha kutisha. Liko kaburi lenye tarehe iliyochongwa, mwaka 802 wa Hijra, ambao kwa hesabu ya Miladi ni 1399. Liko jumba la mfalme, nyua zake, na vyoo vyake, ambavyo huwashangaza wageni wengi kuliko mihrabu, kwa kuwa watu hudhani kuwa usafi ulivumbuliwa juzi.

Aliyemwongoza alikuwa mzee wa maneno machache. Walipopumzika chini ya mbuyu, mzee aliuliza kwa adabu ya kawaida, kama mtu amwulizavyo mgeni habari za mvua:

"Mwanangu, na huko kwenu kuna nini cha kuonwa?"

"Hakuna kitu, mzee wangu," kijana alijibu. "Kwetu ni vumbi na mashimo ya dhahabu."

Mzee hakusema neno. Aliinuka, akaendelea na njia.

Jibu hili ndilo linalostahili kufikiriwa. Je, lilikuwa uongo? Lilikuwa kosa? Au lilikuwa unyenyekevu tu, wa mgeni asiyetaka kujisifu katika nyumba ya mwenyeji? Wahenga wamesema kwamba mkataa kwao ni mtumwa, na mwepesi wa kuhukumu atalitupa neno hilo juu ya kichwa cha kijana na kwenda zake. Lakini methali ni kama panga. Hufyeka nyasi, na wakati mwingine hufyeka mche pamoja na nyasi. Kijana hakukataa kwao. Alisema alichokiona, na macho yake yalikuwa yamefundishwa kuona jiwe. Shuleni alifundishwa kwamba mji ni jiwe, na mahali pasipo jiwe hapana mji. Na pasipo mji hapana historia. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kutoliona jambo ambalo hakuna aliyemwonyesha. Anaweza kulaumiwa, hata hivyo, kwa kusema kwa yakini kuwa halipo. Kati ya "sijui" na "hakuna" ipo njia ndefu, na mwanafunzi wa historia alipaswa kuijua.

Ajabu ni kwamba Gede yenyewe ilikuwa na jibu la kumpa, lau angeisoma vizuri. Wachimbuzi wa mambo ya kale, ambao James Kirkman alikuwa wa kwanza wao kufanya kazi kubwa hapo, kati ya 1948 na 1958, walizipa nyumba majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake. Iko nyumba ya mkasi; iko nyumba ya kisanduku cha pembe; iko nyumba ya kauri na nyumba ya sarafu ya Kichina. Majina ya wenye nyumba hayapo. Mtu aliyeishi miaka 60, akaoa, akazaa, akagombana na jirani kwa ajili ya maji, amebaki kuwa mkasi. Na huyo ni tajiri, aliyeishi katika ukuta wa ndani. Baina ya ukuta wa ndani na ukuta wa nje walikaa watu wengi kuliko hao, katika nyumba za udongo zilizoezekwa kwa majani. Nyumba hizo mgeni hazioni. Mvua imezirudisha ardhini, na leo anazikanyaga akidhani anapita uwanja mtupu.

Basi katika mji ule uliotiwa mwaka 2024 katika orodha ya urithi wa dunia, wakazi walio wengi hawakuacha kitu cha kuonwa. Kijana wa Nyasubi alisimama juu ya vumbi la watu waliojenga kama walivyojenga babu zake, akasema kwamba kwao ni vumbi. Hakuwa mbali na ukweli kama alivyofikiri. Alikosea tu kudhani kuwa vumbi la kwao ni la namna nyingine.

Kwa maana katika nchi ya Unyamwezi na Usumbwa, ambayo Kahama ni sehemu yake, miji ya kuta ilikuwako. Katika karne ya 19 vijiji vikubwa vilizungushiwa maboma ya magogo, na mara nyingi nje ya magogo ulipandwa minyaa, ambao utomvu wake ni adui wa macho. Tembe zilijengwa kwa udongo, paa likiwa bapa, zikiungana pembe kwa pembe hata nyumba zenyewe zikawa ukuta. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki 1884, alitawala kutoka katika maboma ya namna hiyo. Isike, mtemi wa Unyanyembe, aliwazuia Wajerumani 1892 nyuma ya ukuta wake karibu na Tabora. Na ukuta ulipovunjwa Januari 1893 na jeshi lililoongozwa na Tom von Prince, aliitia moto baruti yake mwenyewe kuliko kutekwa. Inasimuliwa kuwa Wajerumani walimtundika angali akikata roho. Ukuta wa Isike haukutazamwa na watalii. Lakini makao ya mtemi yaliitwa ikulu, na neno hilo hutamkwa kila siku katika taarifa ya habari na watu ambao hawajawahi kulifikiria. Gede imeacha mawe bila maneno. Unyamwezi umeacha neno bila mawe. Ni nani awezaye kusema kwa haki ni urithi upi ulio mkubwa?

Hapa msomaji makini atainua mkono. Atauliza kama si hatari kuyavika maboma haya joho la utukufu. Atakumbusha kuwa ndani yake ilipitishwa pembe ya ndovu, na pamoja na pembe walipitishwa watu. Kwamba rugaruga wa Mirambo hawakuwa wageni wa harusi. Kwamba yule aliyepanda minyaa huenda alikuwa mateka. Ni kweli, na haifai kufichwa. Lakini mizani ni moja. Matumbawe ya pwani hayakujikata yenyewe, na chokaa haikujichoma. Mgeni alipaye kiingilio, akapiga picha mbele ya lango la mfalme, hajiulizi ni mgongo wa nani uliolibeba jiwe lile. Kama kuna haya katika kuta za bara, ipo pia katika kuta za pwani, na katika zile za Ulaya ambazo watu huvuka bahari kwenda kuzistaajabia. Kutazama si kusifu. Daktari hutazama kidonda bila kukipenda, na hakuna amwambiaye afumbe macho.

Swali gumu zaidi lilimjia kijana siku zilizofuata, alipokuwa akifanya matembezi ya karibu, ya kwenda asubuhi na kurudi jioni. Aliiona hori ya Mida na mikoko yake. Akapita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Akafika Mnarani, upande wa Kilifi, kwenye magofu ya misikiti juu ya maji. Huko kote alifurahi kama afurahivyo mtu mwenye miguu mizima. Malindi ndiko alikotatizika. Kila mtu alimwelekeza kwenye nguzo ya Vasco da Gama, baharia wa Kireno aliyefika hapo Aprili 1498. Nguzo ni nyeupe, nzuri, nayo imesimama mahali pazuri. Lakini Gama alikuwa mgeni. Aliyempokea, akamlisha, akampa rubani wa kumfikisha Bara Hindi, alikuwa mfalme wa Malindi. Na jina la mfalme huyo kijana hakulisikia kwa mtu yeyote siku ile. Mgeni amekuwa ndiye kumbukumbu, na mwenyeji amekuwa mandhari.

Akakumbuka kwamba ndivyo ilivyo Tabora. Huko Kwihara imetunzwa tembe ambamo Livingstone na Stanley walikaa pamoja 1872, na ni haki itunzwe, kwa kuwa Livingstone alikuwa mtu wa kweli katika mambo mengi. Hata hivyo mgeni aulizaye njia ya kwenda Kwihara ataonyeshwa kwa urahisi, na aulizaye ulipokuwa ukuta wa Isike atatazamwa usoni. Kijana wa Nyasubi alikuwa amekwisha kufika Kwihara, pamoja na shule. Hakuuliza habari za Isike. Alipojibu "hakuna kitu", alikuwa akirudia bila kujua hukumu iliyotolewa na wengine juu ya mambo yanayofaa kuulizwa.

Yapo pia maboma ambayo hayakuwa ya vita. Wasukuma wana desturi ya ngitili, ambayo ni kutenga eneo la malisho wakati wa mvua ili mifugo ipate kula wakati wa kiangazi. Ngitili inaweza isiwe na ukuta hata kidogo. Kinachomzuia mchungaji asiingize ng'ombe wake ni makubaliano ya wazee na aibu ya kukamatwa. Sehemu kubwa ya Shinyanga ilipokaribia kuwa jangwa, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza 1986 na kufikia mwisho 2004, uliirudisha desturi hiyo, na zaidi ya hekta 300,000 zikaota miti na majani tena. Mtalii hana la kupiga picha hapo ila majani. Lakini ukuta uliosimamishwa kwa neno tu, na neno likatosha kumzuia mwenye njaa, ni jengo ambalo wafalme wengi wa mawe hawakuliweza.

Na mashimo ya dhahabu? Kijana aliyataja kwa dharau, kama mtu atajavyo kovu. Machimbo ya Geita ya wakati wa ukoloni yalifungwa 1966. Mgodi mkubwa ukafunguliwa huko 2000. Buzwagi, jirani kabisa na mji wa Kahama, ilianza kutoa dhahabu 2009, na uzalishaji ukakoma 2021. Shimo limebaki, nalo lina upana ambao mtu hawezi kumwita mwenzake ng'ambo akasikika. Miaka 500 baadaye, udongo wa nyumba za Nyasubi utakapokuwa umekwisha kurudi ardhini, huenda shimo hilo ndilo litakalokuwa Gede ya Kahama. Wageni watakuja, watasimama ukingoni, watauliza ni mfalme gani aliyelichimba na alitaka nini. Mwongozaji atawaambia nini? Atawatajia waliohama mashamba yao, au atawatajia uzito wa dhahabu peke yake? Jambo hilo haliamuliwi na wageni wa wakati huo. Linaamuliwa sasa, na wale wanaoandika na wale wanaoona si kazi yao kuandika.

Kijana alirudi Nyasubi mwisho wa likizo. Hakuleta zawadi ila kipande cha kaniki kwa bibi yake, na baada ya salamu na chakula alimwuliza kama alipata kusikia, utotoni mwake, mahali palipokuwa na boma la kale. Bibi aliwaza kidogo. Akasema liko eneo, kule ilikokuwa njia ya zamani, ambalo minyaa imeota kwa mstari, na hakuna mtu aliye hai aliyeipanda. Kijana akataka kujua mstari huo una urefu gani, umepinda wapi, na ni nani aliyemsimulia. Bibi akamtazama, akamwuliza ni ng'ombe wa nani waliopotea huko hata awatafute kwa bidii namna ile.