Nani Ametuvika?

Tunapovaa shati jipya siku ya Dominika, twasoma shingoni jina la nchi ambako lilishonwa: China, India au Bangladesh. Jina la shamba halimo. Lakini huenda uzi wake ulianza safari Bariadi.

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, ni mashuhuri kwa pamba kuliko mikoa mingine nchini. Huko Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega mkulima hupanda mvua za Novemba na Desemba zinyeshapo, hupalilia, hupiga dawa ya wadudu. Kisha yeye na jamaa yake huchuma kwa mkono, tumba moja baada ya jingine. Kilo 3 za pamba mbegu hutoa kiwandani kama kilo 1 tu ya nyuzi. Zinazobaki ni mbegu za kukamua mafuta. Sehemu kubwa ya nyuzi hizo huvuka bahari hazijasokotwa, nasi twazinunua tena zikiwa nguo.

Twauliza basi: je, tuna deni lolote kwa mtu tusiyemjua? Wako wasemao: "Hapana. Mkulima aliuza kwa hiari yake, akalipwa, mambo yamekwisha." Neno hili lina sura ya haki, lakini tulipime. Pamba hailiwi. Mwenye kudaiwa mbegu na dawa hawezi kungoja bei njema. Mwenye ghala na fedha aweza. Hiari ya mtu asiyeweza kukataa ni nusu hiari. Ndiyo maana Papa Paulo VI, katika waraka wake Populorum Progressio wa mwaka 1967, alifundisha kwamba mapatano ya wasiolingana nguvu hayatoshi peke yake kuifanya biashara iwe ya haki.

Wazee wa Usukuma waliyafahamu hayo mapema. Walipochoshwa na mizani ya udanganyifu waliungana, na mwaka 1955, wakiongozwa na Paul Bomani, wakaunda shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria. Hawakuomba sadaka, walidai mizani ya kweli.

Mizani hiyo yatupasa sote. Mkulima asitie maji wala mchanga katika pamba. Karani asipunje kilo. Viongozi wa ushirika walipe kwa wakati. Nasi tununuao tusijivunie nguo rahisi kabla ya kuuliza ni nani aliyelipia urahisi huo.

Wazazi, mtoto akiuliza shati lake limetoka wapi, msimjibu, "Dukani." Mwambieni habari za shamba.