Nani Anaiponya Usambara

Basi la Arusha likisimama Mombo, abiria hushuka kununua chakula, na wachache tu huinua macho. Upande wa mlima kuna majabali, juu ya majabali kuna miti, na juu ya miti, siku nyingi, kuna ukungu. Honi inapigwa, watu wanapanda, safari inaendelea. Wengi wetu tumepita hapo miaka na miaka bila kuwaza kwamba juu kule kuna nchi nzima yenye miji yake, masoko yake, historia yake ya wafalme, na msitu ambao umri wake huhesabiwa kwa mamilioni ya miaka.

Mimi ni mpenzi wa miji midogo ya Usambara, na nataka kueleza kwa nini, maana sababu zangu zimebadilika kadiri nilivyoijua. Zamani ningesema ni baridi na mandhari. Leo nasema ni kazi. Uzuri wa huko umetengenezwa na watu kwa mikono yao, na wapo watu wanaoulipia kila siku.

Barabara ya kupanda kutoka Mombo hadi Lushoto ni ya kilomita 33 hivi, nayo inajikunja kona baada ya kona huku korongo likiwa chini yako. Katikati ya safari kuna Soni. Ni mji wa maporomoko ya maji na njia panda: upande mmoja unakwenda Lushoto, upande mwingine Bumbuli yenye mashamba ya chai na hospitali ya Kilutheri ya siku nyingi. Msimu wa matunda ukifika, akina mama husimama kando ya barabara na ndoo za plamu, mapichi na mapea, matunda ambayo mtu wa Tanga mjini au Dar es Salaam huyaona kama ya nchi za mbali. Ukiuliza bei, utaitwa mwanangu hata kama una mvi, na utaambiwa uonje kwanza. Jioni malori hupakia kabichi, karoti, hoho na viazi kwa ajili ya Kariakoo. Usiku kucha yanateremka, na asubuhi mlaji wa Dar anakata kachumbari bila kujua pilipili hoho ile ilikua kwenye mteremko gani.

Lushoto yenyewe ndiyo inayojulikana. Wajerumani waliuita mji huo Wilhelmstal, kwa heshima ya mfalme wao, wakaja kupumzika mbali na joto la pwani. Iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na Juni na Julai huko ni makoti asubuhi na moto jioni. Kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kuna kituo cha utafiti wa misitu, kuna soko ambalo siku ya gulio hujaa hadi njia za pembeni. Wageni hupelekwa Irente, ukingo ambako ardhi inakatika ghafla na tambarare ya chini inaonekana mpaka macho yachoke. Karibu na hapo shamba la kanisa linatengeneza jibini na mikate. Napapenda. Lakini Lushoto imezoea kutazamwa, na anayeishia hapo anaondoka na picha nzuri na maarifa machache.

Mji ninaoupenda kuliko yote ni Mlalo. Umekaa ndani ya bonde pana lililozungukwa na milima, kama maji ndani ya bakuli, na nyumba zake za ghorofa za udongo na matofali zimepanda mlimani moja juu ya kichwa cha nyingine. Wamisionari wa Bethel walifika hapo mwaka 1891 na kuanzisha kituo chao. Kanisa, shule na makaburi ya zamani bado yanaeleza habari hizo. Ukipita vichochoroni huwezi kwenda haraka, kwa sababu kila mzee anastahili shikamoo yake na kila shikamoo ina maswali yake: umetoka wapi, wa nyumbani hawajambo, mvua imeanza huko. Anayetoka mjini huona anacheleweshwa. Akikaa siku chache ataelewa kwamba yule mzee ndiye atakayemwonyesha njia giza likiingia.

Lakini lililonifunga na Mlalo ni historia ya jembe. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha katika bonde hilo mpango wa kuokoa udongo. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli. Watu walikuwa wameongezeka, mashamba yamebanwa, miteremko imelimwa mpaka juu. Dawa iliyoletwa ilikuwa amri: kila shamba la mteremkoni litengenezwe matuta, na asiyefanya aadhibiwe. Baadaye mpango ukaenezwa Usambara nzima. Mzigo wa jembe ulimwangukia zaidi mwanamke, aliyekuwa na shamba la kulisha watoto na sasa akaongezewa kazi ya kuinua udongo kwa wiki nyingi bila kuona mavuno yakizidi. Wasambaa walipinga. Walipinga kwa mikutano, kwa kugoma, kwa kuwageuka machifu waliosimamia amri ile, na upinzani huo ukaingia katika mkondo wa siasa za kudai uhuru. Kabla miaka ya 1950 haijaisha, mpango ulikuwa umekufa.

Mtu angeweza kusema, basi, wakulima hawakuujali udongo wao. Kilichotokea baadaye kinakataa kauli hiyo. Kuanzia mwaka 1981 ulikuja mradi mwingine Lushoto, uliosaidiwa na Wajerumani, wa kuzuia mmomonyoko na kupanda miti pamoja na mazao. Safari hii mkulima aliambiwa apande mistari ya majani ya guatemala kukingama mteremko. Majani yale yanashika udongo, na yakikatwa ni chakula cha ng'ombe wa maziwa aliye bandani; mbolea ya ng'ombe inarudi shambani. Haikufanikiwa kila mahali, wala haikuwa bila makosa, lakini leo ukisimama juu ya Mlalo utaona mistari ya kijani imefuata miteremko, pamoja na migrivea na migomba, katika mashamba ya watu ambao babu na bibi zao walikataa matuta ya amri. Bonde ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba kazi sasa inamrudishia aliyeifanya.

Hapa ndipo ninaporudi kwa wafalme. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili zaidi ya miaka mia moja iliyopita, anasimulia jinsi Mbegha, mwindaji kutoka nchi ya Nguu, alivyoingia Usambara akiua nguruwe mwitu waliokuwa wakiharibu mashamba. Aliwapa watu nyama, nao wakampa chakula cha shambani, na mwisho wakamfanya mfalme katika mji wa Vugha. Utawala wa ukoo wake, Wakilindi, katika simulizi hiyo, ulianza na mtu aliyelinda shamba la mwenzake na kugawana alichopata. Naye Steven Feierman, mwanahistoria aliyekaa miaka mingi akisikiliza wazee wa Kisambaa, ameonyesha kwamba kwa Wasambaa swali kubwa la siasa lilikuwa moja: mtawala huyu anaiponya nchi au anaiharibu? Mvua ikija kwa wakati, watu wakishiba, nchi imeponywa. Njaa ikiingia, lawama ilipanda mpaka kwa mfalme, Vugha. Hata katika miaka ile ya ugomvi wa matuta, watu walikuwa wakilitumia swali hilo hilo kuwapima machifu.

Naona hicho ni kipimo bora kuliko vingi tulivyojifunza kwenye semina. Hakiulizi mtu amesema nini juu ya mazingira. Kinauliza, baada yake, ardhi ikoje na kama watu wameshiba. Tofauti ni kwamba leo hakuna mfalme mmoja wa kulaumiwa. Nguvu ya kuiponya au kuiharibu Usambara imegawanyika mikononi mwa wengi, na wengine kati yao hawajawahi kupanda mlima huo.

Nikirudi kwenye miji, Mtae nitaigusa kidogo tu, ingawa ndiyo yenye mandhari ya kutisha kuliko zote. Ni mwisho wa barabara, kijiji kilichonyooka juu ya mgongo wa mlima, huku na huku ni shimo. Chini ni mbuga za Mkomazi, na ng'ambo ni Kenya. Mabasi huondoka mapema alfajiri, na vijana wengi walioondoka nayo sasa wako Dar es Salaam wakiuza bidhaa mkononi. Shamba la baba likigawanywa kwa wana watano, kila mmoja anapata kipande kisichomtosha. Sisi tunaosifu utulivu wa Mtae tukumbuke kwamba sehemu ya utulivu huo ni watu waliokosa nafasi ya kubaki.

Amani iko Usambara ya Mashariki, na njia yake ni ya Muheza, si ya Mombo. Ni mji mdogo kiasi cha mtu kubisha kama ni mji: majengo ya zamani yaliyotapakaa chini ya miti mirefu, chai ya Kwamkoro na Bulwa ikifunika vilima jirani, na mvua nyingi. Wajerumani walianzisha hapo taasisi ya utafiti wa kilimo na mimea mwaka 1902, wakapanda miti ya kutoka pande nyingi za dunia. Mkusanyo wa mimea mikavu ulioanzia hapo ulihamishiwa Nairobi mwaka 1950 na kuwa hazina ya Afrika Mashariki yote. Baadaye Amani ilijulikana kwa utafiti wa malaria. Mti mmoja ulioletwa, Maesopsis eminii, ulitoka mashambani ukaenea msituni, hasa pale palipokatwa magogo. Ni somo kwamba hata mkono wa mwanasayansi unaweza kuacha jeraha. Na kutoka milima hii, mwaka 1892, ofisa wa Kijerumani aitwaye Walter von Saint Paul-Illaire alipeleka kwao ua dogo la zambarau linalomea kwenye mawe yenye kivuli na unyevu. Leo limo madirishani Ulaya na Marekani. Biashara yake ilikua mbali na hapa.

Mwaka 1997 msitu wa Amani ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Nafurahi kwamba ulitangazwa. Ndani yake kuna ndege, vinyonga, vyura na miti isiyopatikana kwingine duniani, na kitu kama hicho kikiisha hakuna pesa itakayokirudisha. Ila furaha yangu haikamiliki bila kumtaja mkulima wa iliki. Iliki hupenda kivuli cha miti mikubwa, kwa hiyo kwa miaka mingi wanavijiji walilima chini ya msitu, na mazao hayo ndiyo yaliyosomesha watoto wao. Msitu wa Derema, unaohitajika kuunganisha vipande vya hifadhi, ulipotengwa, wakulima wenye iliki ndani yake walitakiwa kuyaacha mashamba. Walilipwa fidia ya mazao yao. Lakini fidia hulipwa mara moja, na shamba la iliki huzaa mwaka hadi mwaka. Tunaposema tumeuokoa msitu, haki inataka tuseme pia nani aliondoka ili uokoke.

Maana faida ya msitu huo haiishii Amani. Mto Zigi unaanzia katika milima hiyo na kujaza bwawa la Mabayani, na maji ya bwawa hilo ndiyo anayokunywa mkazi wa Tanga mjini. Kila anayefungua bomba Tanga anategemea mtu asiyemjua ambaye amekubali kutolima mpaka ukingoni mwa kijito. Mkulima akiombwa aache mita kadhaa za shamba lake kwa ajili ya maji ya mji, mji nao una wajibu kwake: miche ya miti, barabara ya kupitisha mazao, bei ya maji yenye fungu linalorudi mlimani. Hilo ni deni, na deni hulipwa hata mdai asipopiga kelele.

Ninaamini hivyo pia juu ya mlaji wa Kariakoo na juu ya mgeni. Anayenunua kabichi kwa bei ya kumvunja mkulima anamlazimisha mkulima huyo alime mteremko mkali zaidi mwakani. Anayenunua kiwanja Lushoto kwa sababu amependa miti, kisha akaikata ili aone bonde vizuri, ameiharibu nchi, kwa kipimo kile kile ambacho wazee waliwapimia wafalme. Kuipenda miji hii kwa dhati ni kukubali kupimwa nacho.

Kwa hiyo, msomaji, ukipata likizo, panda. Usiishie Irente. Chukua basi la Mlalo, lala katika nyumba ya wageni ya mwenyeji, kula kinachopikwa hapo, sema shikamoo na usubiri majibu. Siku nyingine pitia Muheza uende Amani, utembee chini ya miti na kijana wa pale anayejua majina ya miti hiyo. Plamu za Soni usizipunguze bei mpaka mama akose nauli. Na kijana aliyekuongoza njia mlipe alichotaja.