MWILI NI AMANA

Tumeulizwa darasani suali listahililo jawabu: Mwanamichezo atumiaye dawa ya kumzidishia nguvu, nao mwili ni wake na madhara ni juu yake, twamlaumu kwa lipi?

Kwanza na tuzijue dawa zenyewe, kwani kuhukumu jambo kabla ya kulijua si insafu. Iko dawa iitwayo EPO. Asili yake ni kitu ambacho Mwenyezi Mungu amekijaalia kutoka katika figo, kiuamrishe mwili kufanya chembe nyekundu za damu. Mgonjwa wa figo aliyepungukiwa na damu hupewa na tabibu, ikamfaa. Lakini mzima akijidunga ili akimbie zaidi, damu yake huwa nzito, moyo ukataabika kuisukuma, na hukhofiwa damu kuganda mishipani, akapatwa na kiharusi au moyo ukasimama. Ziko na dawa za kutunisha misuli: hudhuru ini na moyo, hudhoofisha uzazi wa mwanamume, na humtia mwanamke sauti nzito na ndevu. Basi kilicho rehema kwa mgonjwa chaweza kuwa maangamizo kwa mzima.

Tarehe 13 Julai 1967, Mwingereza Tom Simpson alikuwa akipanda mlima wa Mont Ventoux, Ufaransa, katika mashindano ya baiskeli, na jua ni kali. Akaanguka, akafa. Mwilini mwake ilipatikana amfetamini pamoja na ulevi. Dawa hiyo haimwongezei mtu nguvu asizokuwa nazo. Humfanya asiusikie uchovu. Na uchovu ni bawabu aliyewekwa mlangoni na Muumba. Amnyamazishaye bawabu asistaajabu nyumba ikiingiliwa.

Ama kusema “mwili ni wangu”, Muislamu hana hoja hiyo. Mwili ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Tena madhara hayakomi kwake. Ujerumani Mashariki, kuanzia 1974, serikali iliwapangia wanamichezo wake dawa za misuli, na wasichana wadogo wakapewa vidonge wakiambiwa ni vitamini. Mwaka 2000 mahakama ya Berlin iliwatia hatiani wakubwa wawili wa jambo hilo. Lakini hukumu haikuwarudishia wasichana siha yao. Ndivyo ilivyo: mmoja akighushi, mwenzake huona hana budi kughushi, hata balaa ikawafikia watoto.

Watu husema pia kuwa ufukara ndio umlazimishao kijana. Ufukara twaujua, wala hatuudharau. Lakini dharura huhalalisha kilichoharamishwa kwa ajili ya kuokoa roho, wala si kwa kuihatarisha. Na zawadi ichukuliwayo kwa ghushi imetoka mkononi mwa mwenzake aliyekimbia kwa haki, naye huenda ni fukara kuliko yeye. Hapa kwetu Kenya, mwaka 2014, Rita Jeptoo, mshindi wa mbio za Boston, alipatikana na EPO. Na mwaka 2016 ikatungwa sheria ya kuyapinga mambo haya.

Lakini sheria haiingii chumbani. Vijana wetu wanyanyuao vyuma mitaani wakiletewa vidonge na sindano, wa kuwazuia ni wazazi na walimu wao. Nasi tupigao makofi tujiulize: twampenda kijana, au twapenda ushindi wake tu? Mwenye kumpenda atafurahi arudi nyumbani mzima, hata akiwa wa mwisho.

Wabillahi tawfiq.