Aliyesoma Sana ni Mdeni

Someni kwanza: Danieli 1 na 2:1-24.



Mwezi huu twataka kunena nanyi habari ya elimu ya juu, yaani masomo yale wanayoyafuata vijana wetu vyuoni wakiisha kumaliza shule ya sekondari. Twanena kwa sababu jambo hili limekuwa mzigo katika nyumba nyingi. Baba auza kipande cha shamba la kahawa, mama auza ng'ombe wake wa maziwa, ili mtoto apate ada. Usiku hawalali, waulizana: Je, mtoto wetu atarudi? Akirudi, atakuwa angali wetu? Tena atapata kazi, au mali yetu imekwisha kupotea? Wako na wainjilisti waogopao kwa namna nyingine. Wamewaona vijana waliowafundisha Kipaimara wakienda chuo kikuu na kurudi bila kujali ibada, nao husema moyoni kwamba heri wangalikaa nyumbani.

Maulizo haya si ya kudharauliwa, maana yatoka katika upendo. Basi na tuyapeleke mbele ya Neno la Mungu.

Tumtazame Danieli. Alikuwa kijana aliyechukuliwa mateka kutoka Yerusalemu mpaka Babeli. Huko mfalme Nebukadneza akaamuru yeye na wenziwe wafundishwe elimu na lugha ya Wakaldayo muda wa miaka 3. Chuo hicho kilikuwa cha watu wasiomjua Mungu wa Israeli. Waalimu walikuwa wageni, vitabu vilikuwa vya kigeni, hata majina ya wanafunzi yalibadilishwa. Kama kuna mzazi aliyekuwa na haki ya kumwogopea mtoto wake, ndiye mzazi wa Danieli.

Naye Danieli alifanya nini? Alikataa chakula cha mfalme, asijitie unajisi. Lakini hakukataa kitabu. Alijua kutenga neno moja na jingine. Akala mboga, akanywa maji, akasoma kwa bidii. Tena Maandiko yanatuambia wazi kwamba ujuzi ule aliopata yeye na wenziwe watatu, ni Mungu aliyewapa. Angalieni jambo hili, enyi mnaoogopa. Masomo yale ya Wakaldayo yahesabiwa kuwa kipawa cha Mungu, kwa kuwa aliyeyapokea aliyapokea mkononi mwa Mungu.

Kisha ikaja siku ya kujaribiwa. Mfalme aliota ndoto, wenye hekima wake wakashindwa kuieleza, naye kwa hasira akaamuru wote wauawe. Danieli akaomba apewe muda. Akarudi nyumbani, akawaambia rafiki zake, wakamwomba Mungu pamoja, na usiku ule siri ikafunuliwa. Alipokwenda kwa Arioko, aliyeagizwa kuua, neno lake la kwanza lilikuwa kuomba wenye hekima wa Babeli wasiangamizwe. Hakuanza kwa kutaja cheo wala thawabu. Aliwaombea uzima watu waliosoma pamoja naye, nao hawakuwa wa imani yake. Hapo twaona kazi ya elimu: Danieli alipewa kingi, naye akakitumia kuokoa wengine.

Sasa tumtazame mtu wa pili, aliye karibu nasi kwa jina la kanisa letu, yaani Daktari Martin Luther. Baba yake, Hans, alikuwa mtu wa machimbo ya shaba, akatoa fedha zake ili mwanawe asome katika chuo kikuu cha Erfurt. Martin aliingia huko mwaka 1501, na mwaka 1505 akapata shahada ya pili. Baba alitaka awe mwanasheria, apate heshima na kuwatunza wazazi. Lakini mwaka ule ule kijana akaacha sheria, akaingia katika nyumba ya watawa. Baba akakasirika sana. Machoni pake fedha ile ilikuwa imezama majini. Wazazi wanaotusoma wanajua maumivu hayo.

Bali Mungu alikuwa na shauri lake. Mwaka 1512 Luther akapewa udaktari wa theolojia huko Wittenberg, akaapa kuyafundisha Maandiko kwa uaminifu. Siku za baadaye, watu walipomwuliza kwa ruhusa ya nani anasema juu ya makosa yaliyomo katika kanisa, aliwakumbusha kiapo hicho. Udaktari kwake ulikuwa deni alilofungwa nalo, hata asiweze kunyamaza.

Tena tazameni elimu ile ilikwenda wapi. Kiyunani alichojifunza akakitumia kufasiri Agano Jipya kwa Kijerumani, alipokuwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, na kitabu kikachapwa mwezi wa Septemba mwaka 1522. Mwalimu mwenzake Philipp Melanchthon, aliyekuja Wittenberg mwaka 1518 kufundisha Kiyunani, alimsaidia kusahihisha kazi hiyo. Mwaka 1529 akaandika Katekisimo Ndogo, ili baba wa nyumba awafundishe watoto wake. Hivyo masomo ya juu kabisa ya siku zile yalishuka mpaka jikoni kwa mama na kitandani kwa mtoto. Naye daktari mwenyewe alikiri kwamba kila asubuhi huyasoma Amri Kumi, Imani na Sala ya Bwana, kama mtoto anavyojifunza. Elimu haikumwondolea nafasi yake ya kuwa mwanafunzi.

Kwa hiyo mtu huyu hakuacha kuwahimiza watu wasomeshe watoto. Mwaka 1524 aliwaandikia wakuu wa miji ya Ujerumani waweke shule, za wavulana na za wasichana pia. Mwaka 1530 alitoa mahubiri marefu juu ya wajibu wa wazazi kuwaacha watoto wao shuleni, akiwakemea wale waliohesabu faida ya tumbo tu. Alijua kwamba wachungaji, waalimu, matabibu na waamuzi hawaoti kama magugu. Hupandwa, hutiliwa maji, hungojewa.

Huenda mtu akasema: Hayo ni ya Babeli na ya Ujerumani, je, kwetu? Kwetu pia tunaye shahidi. Josiah Kibira wa Bukoba alisoma theolojia huko Bethel, Ujerumani, na tena Boston, Marekani. Alirudi kuwatumikia watu wa nyumbani, akawa askofu wao. Mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kupewa kazi hiyo. Masomo ya mbali hayakumwondoa kwao. Yalimpa nguvu ya kubeba mzigo wa watu wengi zaidi.

Lakini si wote waitwao kuwa maaskofu. Kwa hiyo twataka kuwaeleza jambo tuliloliona karibu, nalo latuhukumu sisi wenyewe.

Kijana mmoja wa usharika alirudi kutoka chuoni na shahada ya kilimo. Aliandika barua nyingi za kuomba kazi, hakuitwa. Mwisho akachukua jembe, akalima mboga, akaziuza gulioni. Watu wakamcheka, wakasema: "Miaka yote ile ya masomo, kumbe amekwenda kujifunza kuuza sukumawiki!" Sisi tuliosikia maneno hayo tulinyamaza. Siku ile alipoondoka kwenda chuoni tulimwombea mbele ya madhabahu. Aliporudi mikono mitupu, hatukumwombea. Baada ya miezi michache akaacha kuja kanisani, wala hakuna mzee aliyekwenda kumwuliza.

Aliyekwenda ni mama mmoja mjane. Hakwenda kumwonya. Alimwambia, "Mwanangu, nyanya zangu zinanyauka zingali na majani mabichi. Njoo unitazamie." Kijana akajibu, "Shikamoo, mama. Nitakuja." Akaja. Hakutoa jawabu upesi. Aliuliza kwanza: mwaka jana mlipanda nini hapa? Na mwaka juzi? Maji yatoka wapi? Kisha akakata shina la mche ulionyauka, akalitia ncha yake katika bilauri ya maji safi, akangoja. Punde ukashuka uzi mweupe kama maziwa. Akamweleza kwamba ugonjwa huu hukaa katika udongo. Asipande tena hapo nyanya, wala viazi mviringo, wala biringanya, wala pilipili, kwa miaka kadhaa, maana hizo ni za jamaa moja. Bali apande mahindi, aing'oe na kuichoma miche yenye ugonjwa, wala asihamishe udongo ule kwa jembe lisilooshwa.

Mama yule aliwaambia majirani, nao wakaanza kumwita mmoja mmoja. Jumapili iliyofuata kijana alikuwa kanisani, ameketi karibu na mama yule. Hakuna aliyemhubiria. Mtu mmoja alikihitaji kile alichonacho, basi akajua kwamba yeye bado ni kiungo katika mwili.

Ndugu, katika habari hii fupi yamo yote tunayotaka kusema. Elimu ya juu ilimfanyia kijana yule mambo mawili. La kwanza, ilimtengeneza yeye mwenyewe: alijifunza kuuliza kabla ya kujibu, kupima kabla ya kusadiki, kungoja bilauri iseme. Mtu wa namna hii hadanganywi upesi na uvumi, wala hawadanganyi wengine. La pili, ilimpa kazi mkononi. Ajengaye daraja kwa kukisia huwaua watu, na atoaye dawa kwa kukisia hali kadhalika. Ndiyo maana mhandisi na tabibu husoma miaka mingi, na miaka hiyo si ya bure. Lakini mambo hayo mawili yangalilala ndani yake kama mbegu ghalani, kama mjane hakubisha hodi. Wazee wanena, elimu bila amali ni kama nta bila asali. Nasi twaongeza: amali yataka mtu wa kuiomba.

Basi twawaonya kwa upendo.

Enyi wazazi, msomesheni mtoto, binti kama mwana, kwa kadiri ya uwezo wenu. Lakini msimhesabie kama ng'ombe aliyekopeshwa, ambaye lazima arudi na ndama. Hans Luther alipanga jambo moja, Mungu akapanga jingine. Mtoto akichelewa kupata kazi, msimtupie maneno ya shamba lililouzwa. Maneno hayo hukata kuliko njaa.

Enyi vijana mlioko vyuoni, kumbukeni kwamba hamkujisomesha wenyewe. Wako waliouza, wako waliofunga mkanda, wako waliolipa kodi ambao watoto wao hawakufika huko. Wengi wenu mmepata fedha kutoka Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2004. Jina lake ni mkopo. Akwepaye kuulipa hali ana mshahara, amnyang'anya mdogo wake anayengoja fedha hiyo hiyo ili asome. Tena msinunue shahada, wala msinakili kazi ya mwingine. Shahada ya uongo ni ushuhuda wa uongo uliotiwa muhuri. Kama Danieli, kipokeeni kitabu, mkatae unajisi. Tena kama Danieli, tafuteni wenzenu watatu wa kusali nao, maana peke yake hata yeye hakusimama.

Nanyi wainjilisti, msiogope maswali ya vijana waliosoma. Kijana aulizaye bado yuko mlangoni. Tumwogope zaidi yule aliyenyamaza. Msipolijua jawabu, semeni kwamba hamlijui, mlitafute pamoja naye. Hiyo haishushi heshima yenu.

Na sisi wa sharika, tutubu. Twawapa waliosoma na kufanikiwa viti vya mbele, na waliosoma bila kufanikiwa twawapa kicheko. Yote mawili ni dhambi moja, kwa kuwa twaipenda shahada kuliko mtu. Kila baraza la wazee na lijiulize mwezi huu: ni nani kati yetu aliyerudi kutoka chuoni, naye hana wa kumbishia hodi? Aliyesoma hesabu na atazame vitabu vya chama chetu cha kuweka na kukopa. Aliyesoma sheria na awasomee wajane hati za mashamba yao. Aliyesoma ualimu na akae jioni pamoja na watoto wanaoshindwa masomo. Si lazima ingoje mpaka ajira ipatikane. Wala isiwe sababu ya kutomlipa mtu ujira wake, maana mtenda kazi astahili malipo.

Bwana wetu alisema kwamba aliyepewa kingi, kwake kitatakwa kingi. Neno hili huwaangukia waliosoma. Lakini latuangukia na sisi tuliopewa vijana hao. Siku ile Bwana atawauliza wao wamefanya nini na elimu yao. Atatuuliza na sisi tumefanya nini nao.

Tuombe: Ee Mungu, uliyempa Danieli ujuzi katika nchi ya ugeni, uwalinde watoto wetu vyuoni. Uwape moyo wa kujifunza na moyo wa kutumika. Uwarudishe kwetu, nasi utufundishe kuwapokea. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.