Wazo la leo: Mwenzi wa stejini

Anayeacha sigara huteseka zaidi katika siku 3 za kwanza. Nikotini imeshatoka mwilini, kichwa kinagonga, usingizi hauji, na hasira ziko karibu. Hata hivyo, kila hamu inapopanda hudumu dakika chache tu, kisha hushuka.

Kwa mwendesha bodaboda wa Ganda, Malindi, dakika hizo ni mtihani. Kibanda kiko hatua chache kutoka stejini na sigara zinauzwa moja moja, ingawa Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuuza pakiti yenye chini ya sigara 10. Jioni kuna mangweni, ambako mnazi na moshi haviachani.

Hapo ndipo anapofaa mwenzi anayeacha pamoja naye: wa kupokea simu, wa kumvuta mbali na kibanda, wa kumtania bila kumsimanga akiteleza.

Malindi inaijua njia hii ya kuacha kwa kusaidiana. Kituo cha Omari Project kimewahudumia waraibu wa heroini kwa miaka mingi, lakini sigara bado huchukuliwa kama jambo dogo. Asiye na mwenzi anaweza kupiga 1192, laini isiyotozwa pesa ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya.